Kisanduku kilichonyamaza Same: sauti za wazee zimeponea chupuchupu

Nimepotea hapa karibu wiki mbili, na kuna walioniandikia kuuliza kama nimehamia Dar. Sijahama jamani. Nipo hapahapa Same, upepo na vumbi kama kawaida. Nilibanwa na shughuli moja iliyoanza kama kumsaidia jirani, ikaishia kunikalisha na kalamu nikipiga hesabu za mambo yaliyotokea tangu mwaka 2021 mpaka leo. Wewe unayesoma hapa ukiwa umelipia nusu saa kwenye kafe, na picha zako zote ziko kwenye flashi moja mfukoni, kaa vizuri. Habari hii inakuhusu.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu hapa mjini, asili yake Gonja, upande wa milimani. Jina lake naliacha, mwenyewe hapendi makuu. Alipostaafu, wenzake walifuga kuku na kufungua maduka, yeye akanunua kirekodi kidogo cha sauti. Miaka nenda miaka rudi amekuwa akipanda milima, mara Vudee, mara Suji, mara Mbaga, mara Chome, kukaa na wazee na kuwarekodi wakizungumza Chasu. Hadithi, nyimbo, majina ya miti, namna ya kugawana maji ya ndiva bila kushikana mashati. Na zaidi ya yote, Mbiru.

Kwa mdogo wangu aliyekariri historia ili ajibu mtihani tu: Mbiru ilikuwa kodi. Waingereza walichukua jina la ushuru wa zamani wa Wapare wakalibandika kwenye kodi mpya miaka ya 1940, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwepo tayari. Mwaka 1945 watu kwa maelfu waliteremka kutoka milimani wakaja kukaa hapa Same kugoma. Hawakuja na silaha. Walikaa tu, wakipokezana, huyu akirudi shambani mwingine anateremka, na wanawake nao baadaye wakaingia kwenye mapambano. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, aliandika kitabu juu ya jambo hilo, kikatoka mwaka 1971.

Lakini kitabu ni maandishi. Mwalimu alikuwa na sauti zenyewe: wazee waliokuwa watoto mwaka ule, wakieleza walivyowaona baba zao wakifunga chakula na kuteremka. Piga hesabu mwenyewe. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1945, leo ameshavuka 90. Wengi wao wametangulia mbele ya haki. Huwezi kupanda tena Chome na kirekodi ukamwambie mzee arudie alichosema.

Sauti hizo, pamoja na picha na video, kama gigabaiti 300 hivi, zilikuwa sehemu moja tu duniani. Sebuleni kwa Mwalimu, ndani ya kisanduku cheusi kilicho pembeni ya televisheni.

Wataalamu wanakiita NAS. Mimi kidato cha nne mwenzenu naogopa kuchanganya na ile "nasi" yetu ya "karibu ule nasi", kwa hiyo nitakiita kisanduku. Kwa kifupi ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Ndani ina diski mbili, nyuma ina tundu la umeme na tundu la waya wa mtandao. Ukikichomeka kwenye ruta, kompyuta zote za nyumbani zinakiona kama folda moja kubwa. Diski zake zilipangwa mtindo wa kioo: kinachoandikwa kwenye ya kwanza kinaandikwa na kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mpwa wake alimnunulia miaka mingi nyuma, fundi mmoja akaja kukifunga, akaondoka, na tangu siku ile hakuna aliyewahi kukiangalia tena. Mama mwenye nyumba akakifunika kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika redio na televisheni. Kikemee kitambaa hicho akilini mwako, tutakirudia.

Sasa, jioni moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Kesho yake Mwalimu akawasha laptopu, folda haipo. Taa ya bluu ya kisanduku inawaka na kuzima. Akachomoa, akachomeka. Hakuna kitu. Akaniita.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Njoo umwone mgonjwa wetu. Anapumua lakini hasemi."

Nilipofika nilikuta watu watatu wameshatangulia kutoa tiba. Wa kwanza alisema umeme umeua diski, aende akanunue mpya. Wa pili, kijana wa kafe, alisema formati tu, kitapona. Wa tatu ndiye aliyenitoa jasho. Alikuwa ameshika pini ya nguo mkononi, anatafuta lile tundu dogo la nyuma lenye kitufe cha riseti. Nilimshika mkono. Hapana, si kwa utani, nilimshika mkono kabisa.

Nieleze kwa nini. Kitufe kile kwenye visanduku hivi hakifanani. Kwenye vingine ukikibonyeza kidogo kinarudisha tu nywila na anwani ya mtandao, mafaili yanabaki. Kwenye vingine ukikishikilia muda mrefu, kinarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, maana yake nyumba inafagiliwa tupu. Wewe umekaa sebuleni Same, kitabu cha maelekezo kilipotea zamani, utajuaje chako ni kipi? Hujui. Basi usiguse.

Na hapa ndipo nataka tutoke kidogo Same, kwa sababu watu wengine walifagiliwa bila hata kushika pini. Juni 2021 watu wa nchi mbalimbali waliokuwa na kisanduku kiitwacho My Book Live cha kampuni ya Western Digital waliamka wakakuta folda zipo lakini tupu. Picha za harusi, za watoto, kazi za miaka. Visanduku vyenyewe vilikuwa vizima kabisa, havijaungua, havijapigwa radi. Ilikuja kubainika kwamba watu wabaya walipita kwenye matundu ya programu yake wakaviamuru kwa mbali vijirudishe kama vilivyotoka kiwandani. Bidhaa ile ilianza kuuzwa mwaka 2010 na programu yake ilisasishwa mara ya mwisho mwaka 2015. Kwa miaka sita ilikuwa imeunganishwa na intaneti bila mlinzi. Ushauri wa kampuni siku ile ulikuwa mmoja: chomoeni kwenye intaneti. Kwa waliokwishafagiliwa ulikuwa umechelewa, ingawa baadaye waliahidiwa msaada wa kujaribu kurudisha mafaili.

Kisanduku cha Mwalimu si cha aina ile. Lakini umri wao haupishani sana, na yeye wala hakujua kuwa kitu kama kile kinahitaji kusasishwa. Nani angemwambia?

Haya, turudi kwa mgonjwa.

Kwanza tulikaa. Ndiyo, tulikaa tukanywa chai ya tangawizi ya Mamba, na kisanduku tukakiacha kikiwa kimewashwa bila kuguswa. Hili watu hawalipendi, kwa hiyo nalirefusha makusudi. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, kisanduku kikiwaka tena huanza kujikagua, faili kwa faili. Diski kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa. Wakati huo kinaweza kisijibu chochote, taa inapepesa tu. Mtu mwenye haraka anaona kimekufa, anachomoa waya katikati ya ukaguzi, na hapo ndipo ubovu wa kweli unapoanza. Mwalimu alikuwa ameshachomoa mara nne. Nilimwomba asichomoe tena.

Baada ya saa tatu taa ikatulia. Inawaka moja kwa moja, haipepesi. Laptopu bado haioni kitu.

Tukamwita fundi redio wa jirani aje na testa yake. Adapta inaandikwa volti 12, testa ikasoma 12 na kidogo. Fundi akasema hiyo haitoshi, maana adapta iliyochoka huonyesha 12 ikiwa haina mzigo, ukiipa kazi inashuka na diski hazizunguki. Akaipima ikiwa inafanya kazi. Haikushuka. Adapta nzima. Ukiweka sikio kwenye kisanduku unasikia diski inazunguka, na feni pia, ingawa feni ililia kama mbu kwa vumbi lililojaa. Waya wa mtandao nao tukauangalia: kwenye ruta taa ya lile tundu inawaka. Maana yake kisanduku na ruta vinaonana. Kinapumua, kina umeme, kina waya. Kwa nini hakisemi?

Nikamuuliza Mwalimu swali ambalo nilipaswa kuuliza kabla ya chai. Je, kuna kitu chochote kipya hapa ndani?

"Ruta," akasema. "Ile ya zamani ilizimika jioni ileile, haikuwaka tena. Kijana akaniletea hii ya laini kesho yake asubuhi."

Wadau, nilitaka kucheka na kulia. Ruta ya zamani iligawa anwani zinazoanza na 192.168.1. Ruta mpya inagawa zinazoanza na 192.168.8. Na yule fundi wa kwanza, miaka ile, alikipa kisanduku anwani ya kudumu, akaiandika kwenye kauntabuku ya Mwalimu pamoja na nywila: 192.168.1.50. Yaani laptopu imehamia mtaa mwingine, kisanduku kimebaki mtaa wa zamani kinasubiri hodi. Hakuna aliyekufa. Wamehama tu bila kuagana. (Kauntabuku ile iliokoa siku. Andikeni vitu kwenye daftari jamani, mnaringia simu tu.)

Tiba yake ni ya dakika tano. Unaingia kwenye mipangilio ya mtandao ya laptopu, unaipa kwa mkono anwani ya mtaa ule wa zamani, kwa mfano 192.168.1.20, halafu unakipigia kisanduku pingi. Kikajibu papo hapo. Mwalimu alipoona mistari ile minne ya majibu alivua miwani akaifuta. Tukaingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio kwa kivinjari, tukamwambia aachane na anwani ya kudumu, aombe mpya kwenye ruta kama wenzake. Laptopu nayo tukairudisha ilivyokuwa, ijipatie anwani yenyewe.

Tukadhani tumemaliza. Wapi! Folda ikaonekana, ukiifungua Windows inagoma, inasema sera za usalama haziruhusu kuingia kama mgeni.

Hapa pana habari ya dunia nzima ambayo wengi imewapita. Laptopu ya Mwalimu ilikuwa mpya kwake, imeletwa kutoka Dar kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mpwa wake akaona mzee asibaki nyuma. Mpya ina Windows 11 Pro. Sasa visanduku vya zamani vinaongea na kompyuta kwa lugha iitwayo SMB, toleo la kwanza, na vingi viliachwa wazi, mtu anaingia bila nywila. Virusi vya WannaCry vilivyotikisa dunia Mei 2017 vilisambaa kwa kupita kwenye tundu la lugha hiyohiyo ya zamani. Tangu mwishoni mwa mwaka huo Microsoft ikaanza kuizima kwenye Windows mpya, na toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka Oktoba 2024, likabana zaidi: ukiwa na Pro, kuingia kwenye folda ya mtandao bila jina na nywila kumefungwa.

Mimi siwalaumu waliofunga. Lakini angalieni inavyofika huku kwetu. Uamuzi unafanyika Marekani kwa sababu nzuri, halafu mzee wa Same anaamka anakuta sauti za babu zake "hazipo", na hakuna hata mstari mmoja wa Kiswahili kwenye kioo unaomweleza kuwa zipo ila mlango umebadilishwa kitasa. Mtu wa namna hiyo ndiye anayemwendea kijana mwenye pini.

Mitandaoni utakuta ushauri wa kulegeza laptopu ili iruhusu wageni. Kinafanya kazi, ila umeacha mlango wazi. Sisi tulifanya kinyume: ndani ya kisanduku tukamtengenezea Mwalimu jina na nywila yake, tukawasha toleo jipya la lugha ile ambalo kisanduku kilikuwa nalo siku zote lakini limezimwa. Folda ikafunguka. Mwalimu akabofya faili moja, sauti ya mzee ikatoka, jogoo anawika nyuma yake. Mimi Chasu changu cha kuokoteza, lakini nilisikia neno Same na neno Mbiru, nikanyamaza.

Sasa kumbukeni kile kitambaa cha kufuma.

Nilipokuwa kwenye ule ukurasa wa mipangilio niliona maandishi mekundu juu. Diski ya pili ilikuwa imekufa. Si jana wala juzi, kumbukumbu za kisanduku zilionyesha imekufa miezi saba iliyopita. Miezi saba yote kisanduku kimekuwa kikiishi na diski moja, na mbele kilikuwa na taa ya rangi ya chungwa ikiwaka kutoa taarifa, usiku na mchana, chini ya kitambaa. Na kitambaa hichohicho kilikuwa kinaziba hewa huku feni imejaa vumbi. Nisieleweke vibaya, mama wa watu hana kosa. Kosa ni kudhani kwamba diski mbili ndani ya boksi moja ni nakala mbili. Sivyo. Ni nakala moja yenye gurudumu la akiba. Ukifuta faili, linafutika kote. Mwizi akiingia, anabeba zote. Yule kijana angebonyeza riseti, zote zingekwenda.

Hapo tukaacha utani. Nilimwambia Mwalimu twende dukani sasa hivi. Akanunua diski ya nje ya terabaiti 1. Tukaazima kwa jirani betri ya sola na inveta, ili umeme ukikatika tusikatikie njiani na diski iliyobaki ni moja. Waya ulikuwa wa kasi ya zamani, megabaiti kama 11 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 300 zilichukua karibu saa nane. Nililala pale sebuleni. Kila nikiamka naangalia kile kimstari cha kijani kimefika wapi.

Kuna mdau atauliza, na ameshaniuliza kwa simu: kwa nini msipandishe tu kwenye wingu, habari za visanduku ni za kizee? Sawa, tuhesabu. Tuseme bando lako linapandisha megabiti 2 kwa sekunde bila kuchoka. Gigabaiti 300 ni megabiti milioni 2.4. Gawanya kwa 2, ni sekunde milioni 1.2, yaani siku karibu 14 mchana na usiku, hujala wala hujaangalia mpira. Halafu kila mwaka ulipie kwa kadi ya benki kwa fedha za kigeni, na ukifa bila kumwachia mtu nywila, basi.

Na wingu lenyewe tumeliona likituponyoka. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata kibano. Mnakumbuka kafe zilivyokuwa siku zile, ukurasa mmoja unafunguka mpaka chai ipoe. Kisha siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimika nchi nzima kwa siku kadhaa. Leo sitaki kuingia kwenye siasa ya jambo lile, hapa nasema kuhusu mafaili tu. Wenye kazi zao zote kwenye wingu hawakuweza kuzifikia. Mwenye kisanduku nyumbani angeendelea kufungua folda zake kama kawaida, maana kisanduku hakihitaji intaneti kukuongelesha, kinahitaji umeme na waya wa mita mbili.

Lakini umeme nao, mh. Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, sehemu kubwa ya nchi iliamkia gizani kwa hitilafu ya Gridi ya Taifa. Sisi wa kaskazini tuna suala letu la ziada. Mitambo mikubwa iko mbali. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, wakati bwawa letu la Nyumba ya Mungu linatoa megawati 8 tu. Machi 2025 Rais Samia alipokuja Kilimanjaro kuzindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, alieleza mpango wa kuletea kanda ya kaskazini umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu ule unaosafiri kutoka kusini unapotea njiani. Watu walibishana sana mitandaoni, kwamba tuna bwawa kubwa vile halafu tunanunua kwa jirani. Mimi nilikuwa upande wa waliobisha. Siku hizi sina uhakika tena, kwa sababu jambo lenyewe ni lilelile la Mwalimu: kitu kikubwa kimoja, mbali, na ukikosa hicho huna kingine.

Wapare wa zamani hawakulima hivyo. Mtu alikuwa na shamba mlimani na kipande kingine tambarare. Mvua ikigoma huku, kule kuna chochote. Bibi yangu mpaka leo ana mahindi chini na migomba juu, na ukimwambia auze kimoja anakutazama kama umechanganyikiwa. Ndivyo tulivyofanya na sauti. Kisanduku kimebaki Same tambarare. Diski ya nje, ikiwa na kila kitu, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na khanga, ikapanda basi na Mwalimu mwenyewe mpaka kwa mdogo wake Gonja, imewekwa kabatini. Mafaili ya Mbiru peke yake, yakiwa yamepunguzwa ukubwa, hayazidi gigabaiti 4. Hayo ndiyo tuliyoyapandisha kwenye wingu, usiku, kidogo kidogo. Nakala tatu, sehemu tatu, na hakuna hitilafu moja inayoweza kuzipiga zote siku moja.

Jambo moja nalipitia haraka maana nusu saa yako inaisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, pamoja na zisipotee ovyo. Studio za picha za harusi, SACCOS za mtaani, vituo vya tuisheni, zahanati binafsi: wengi wenu mna kisanduku kama kile au kompyuta moja kwenye kona yenye majina na picha za watu mia kadhaa. Watu huiona sheria hii kama ya kuzuia umbea. Wasome vizuri. Kupoteza daftari la watu kwa uzembe nako kumo.

Hali ilivyo leo ni hii. Feni imesafishwa, kitambaa kimehamia kwenye redio. Ruta na kisanduku viko kwenye UPS ndogo. Ile diski ya pili bado haijabadilishwa. Same nimezunguka sijapata ya aina yake, nimeagiza Dar itakuja kwa basi wiki hii, na mpaka ifike Mwalimu anawasha kisanduku pale anapokihitaji tu, akimaliza anakizima kwa kitufe chake, taratibu, bila kuchomoa waya. Jana alinipigia simu saa mbili usiku. Nikadhani kimenyamaza tena. Kumbe alitaka anisikilizishe mama mmoja wa Mbaga, marehemu sasa, akicheka kwa sababu amesahau jina la mtoza kodi, halafu katikati ya kicheko analikumbuka.

Anatafuta mtu anayejua Chasu vizuri na mwenye muda wa kukaa chini kuandika maneno ya zile sauti, maana yeye macho yanamsumbua. Malipo hana, chai ya tangawizi ipo. Aliye Same, Mwanga au hata ughaibuni, aache neno hapo chini kwenye maoni, nitamfikishia.